Mbili kwa Kumi

Wewe utakayepewa ufunguo wa chumba cha kompyuta baada yangu, jambo la kwanza: mlango ule hausukumwi. Unauinua kidogo kwa kitasa, ndipo unausukuma. Jambo la pili: kompyuta ya dirishani usiiwashe asubuhi ya mvua, inazima na kukuzimia na nyingine zote. Jambo la tatu ndilo refu, na ndilo lililonikalisha chini kuandika haya yote hasira zikiwa bado mbichi.

Watu hustaafu wakiwa na miaka sitini, wanafanyiwa sherehe, wanapewa shuka na saa ya ukutani. Mimi nimestaafu nina ishirini na saba, kwa barua yenye mistari mitatu, na mmoja kati ya hiyo mistari ulikuwa tarehe.

Jina la shule naliacha. Ni sekondari ya kata huku Tarime vijijini, upande wa ng'ombe na mahindi. Mimi nilitokea upande wa dhahabu. Nilizaliwa Sengerema, nikaishia kidato cha nne, nikasoma cheti cha kompyuta cha miezi sita, halafu nikamfuata kaka yangu Nyamongo alikokuwa anachimba na wenzake. Shimoni nilidumu wiki tatu. Siku niliyolia nikiwa chini, kaka aliniangalia kwa tochi ya kichwani akasema, "Wewe mikono yako ni ya kubonyeza. Panda juu katafute vitu vya kubonyeza." Alisema kwa dharau, lakini alisema kweli.

Siku ya kwanza kazini nilivaa tai. Nilikuwa na ndoto zangu: nilishaona watoto wa kata ile wakiongea na dunia nzima, mimi nikiwa pembeni natabasamu. Mkuu wa shule alinipeleka chumbani, akafunua mashuka, zikaonekana kompyuta nane zenye vumbi.

"Hizi tulipewa na wafadhili," alisema. "Kazi yako ni kuhakikisha haziibiwi."

"Na wanafunzi watazitumia siku gani, Mkuu?"

"Kijana, nimesema haziibiwi."

Ningekuwa na akili ningeelewa siku hiyohiyo kila kitu kuhusu yule bwana. Lakini mimi nilikuwa na tai.

Aliyenifundisha kazi hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa Madam Ghati, mwalimu wa Biolojia, mzaliwa wa palepale, anayekaribia kustaafu kwelikweli, kule kwa shuka na saa. Siku ya pili alisimama mlangoni akinitazama nikipangusa vumbi.

"Wewe ndiye mlinzi mwenye tai?"

"Shikamoo Madam. Mimi ni mtaalamu wa kompyuta."

"Marahaba. Mtaalamu, una dawa ya darasa bubu?"

Akanichukua mpaka kidato cha tatu, nikasimama nyuma. Aliuliza swali, kimya. Akaliuliza upya kwa maneno mengine, kimya zaidi. Masomo yao ni kwa Kiingereza, na wengi nyumbani wanaongea Kikurya, Kiswahili chenyewe wamekutana nacho shuleni. Ukikosea neno moja, kijana mmoja wa mbele anaitwa Chacha anakuigiza, darasa zima linaangua kicheko, na hicho kicheko utaishi nacho hadi kidato cha nne. Kwa hiyo walishakubaliana bila kikao kwamba hakuna anayefungua mdomo.

"Hawa wakiwa nje wanabishana juu ya ng'ombe mpaka mate yanawakauka," Madam aliniambia tulipotoka. "Humu ndani wamekufa. Yule binti wa dirishani, Boke, nimemfundisha huu mwaka wa tatu. Akiandika, anaandika vizuri. Sauti yake siijui."

Nikabeba hilo neno kwenda nalo nyumbani. Mimi nina moyo laini, naomba usinicheke. Mtu kukaa miaka mitatu kwenye chumba kimoja na watu na sauti yake haijulikani, mimi hilo liliniumiza.

Kompyuta nane hazikuweza kunisaidia, maana mtandao ulishika mahali pamoja tu, juu ya kabati, kifaa kikiwa kimewekwa ndani ya sufuria la aluminiamu lililolala ubavu. Usicheke sufuria. Liache pale lilipo. Lakini karibu kila nyumba ilikuwa na simu moja ya kugusa, ya baba au ya kaka. Tukakusanya namba, tukafungua grupu la Biolojia, na kila Jumatano nikawa natuma linki ya maswali matatu ya mtandaoni. Mtoto anaomba simu akimaliza kazi za nyumbani, anabonyeza jibu, halafu anarudi kwenye grupu kueleza kwa nini alibonyeza hilo. Kwa maandishi au kwa sauti, kwa Kiswahili, hata akichanganya na Kikurya. Alama hazikuwepo. Hilo lilikuwa sharti la Madam Ghati.

"Ukiweka alama, watanyamaza tena," alisema. "Na usiulize kitu ambacho jibu lake lipo kwenye daftari. Watanakili. Uliza kitu ambacho wamekishika kwa mikono."

Wiki mbili za kwanza tulipata salamu tu, maombi ya asubuhi, na picha za maua kutoka kwa wazazi. Baba mmoja alituma picha ya tangi la maji analouza. Wiki ya tatu tukauliza kwa nini maziwa ya kwenye kibuyu yanaganda vizuri na ya kwenye kikombe yanaoza. Chacha akaandika, "Kwa sababu kibuyu ni cha bibi." Wakacheka wee. Halafu ikaingia sauti, kutoka namba yenye jina la mzee Mwita Mhere.

Ilikuwa ya msichana. Nyuma yake ng'ombe analia. "Mwalimu, kibuyu kinachomwa kwanza kwa kijiti chenye moto, ndani kinapata moshi. Sasa mimi nauliza. Huo moshi unaua wadudu wote, au unaua wabaya unaacha wazuri? Kwa sababu ukiua wote, nani anagandisha?"

Nilisimama peke yangu chumbani nikapiga makofi. Majibu yakamiminika. Mmoja anasema mti fulani ndio wenye dawa, mwingine anasema bibi yake anatumia mti mwingine kabisa, Chacha anamwambia, "Boke kumbe unaongea! Rudia tena polepole." Boke akamjibu, "Wewe nyamaza, kwenu mnakunywa ya pakiti." Madam Ghati alinipigia simu, akasema tu, "Umesikia?" Nikasema, "Nimesikia."

Muhula mzima tulikwenda hivyo. Darasani Boke bado alikuwa kimya, lakini kwenye grupu yeye ndiye alikuwa anauliza, wengine wanamkimbilia. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kubonyeza.

Sasa hasira.

Mkuu alikuja kusikia kwamba shule ina grupu linalozungumzwa. Akaniita. "Nataka jaribio la maswali kumi, na nataka nafasi. Wa kwanza mpaka wa mwisho. Wageni wa wilayani wanakuja, lazima niwe na cha kuonyesha."

"Mkuu, tulikubaliana na Madam kwamba alama zisiwepo."

"Shule ni matokeo. Matokeo yanabandikwa. Hujaona ubao pale nje?"

Ningekataa. Ningesema kitu. Niliambiwa nibandike, nikabandika. Na hilo neno nimeliandika hapa ili nilione vizuri.

Jaribio lilikuwa Jumamosi mchana. Ile programu ya maswali ilikuwa inachukua jina la mwenye simu, na simu si za watoto. Nilijua. Kwa sababu tulikuwa hatuweki alama, jina halikuwahi kunisumbua. Jioni ikatoka orodha, nikaipiga picha, nikaituma kwenye grupu ambalo nusu ya wanaolisoma ni wazazi. Juu kabisa kulikuwa na mwenye mashine ya kusaga. Chini kabisa, mstari wa mwisho: Mwita Mhere, 2/10.

Mzee Mwita, baba yake Boke, alikuwa ametoka mnadani siku hiyo, akamkuta Boke na simu, akaichukua kumpigia mnunuzi wa dume lake. Binti alikuwa ndiyo kwanza amemaliza swali la pili. Yote mawili alipata. Manane yaliyobaki mashine ikayaandika makosa, na makosa yakaandikwa baba.

Mimi mtu wa Sengerema sikujua uzito wake. Huku wanaume wana ritongo, baraza lao la kijiji, ambako mambo ya mipaka, mifugo na ugomvi huamuliwa, na neno la mtu pale ndiyo heshima yake. Jumapili kulikuwa na shauri la njia ya ng'ombe iliyozibwa na shamba la mtu. Mzee Mwita akasimama kusema. Mwanaume mmoja mwenye koti la mvua, yule aliyeziba njia, akamwambia mbele ya watu wote, "Kaa chini wewe, mbili kwa kumi." Baraza likacheka. Akakaa. Kufika Jumatatu asubuhi, watoto wa njiani wanamwita Mzee Mbili.

Alifika ofisini saa mbili, fimbo mkononi, simu mkononi mwingine.

"Nani hapa amenipa mtihani?"

"Mzee, karibu ukae," alisema Mkuu.

"Sikuja kukaa. Kukaa nimekaa jana. Jumamosi nilikuwa mnadani nauza dume. Naambiwa nilikuwa mtihanini na nimefeli. Huo mtihani niliufanya saa ngapi?"

Mkuu alijua. Orodha niliituma kwa amri yake, na kabla ya kuituma nilimwonyesha. Akanigeukia, mbele ya yule mzee, akasema, "Ni huyu kijana. Amefanya bila kibali changu."

Amri ya Mkuu nilikuwa nayo kwenye simu, imeandikwa, ina nukta na mkato. Sikuitoa. Nilisema, "Shikamoo mzee, naomba msamaha." Nikarudia mara tatu. Mzee Mwita hakunijibu hata marahaba.

"Simu imerudi mfukoni," alisema, "na binti amerudi kwenye ng'ombe. Siwezi kuichangia shule inayomtukana baba." Akatoka.

Jumanne dawati la dirishani lilikuwa tupu. Jumatano pia. Mkuu akatangaza mstarini kwamba grupu limefungwa na atakayekutwa nalo atachapwa. Nilikaa chumbani nimefunga mlango, nalia kama shimoni. Madam Ghati akauinua ule mlango, akaingia.

"Umeomba msamaha?"

"Mara tatu."

"Wapi?"

"Ofisini."

"Kwani alichekwa ofisini?"

Nikatikisa kichwa kwamba hapana.

"Basi futa hayo machozi. Tunakwenda kwake, halafu utakwenda kusema pale alipochekwa. Mimi pale sina kiti, ni mwanamke. Wewe una miguu."

Tulimkuta mzee anafunga boma kwa miiba. Boke alikuwa mbali kidogo akichunga ndama, akatuona, akageuza uso. Niliongea nikiwa nimesimama juani. Mzee aliendelea kufunga miiba mpaka nilipomaliza.

"Hayo utayasema ritongo?"

"Nitasema, mzee."

"Utatetemeka."

"Nitatetemeka. Lakini nitasema."

Ndipo akaacha miiba. "Jumapili," alisema. Na baadaye kidogo, kana kwamba alikuwa amesahau: "Marahaba."

Ritongo walikaa kwenye mteremko karibu na josho. Ng'ambo ya barabara, kwenye uzio, wanawake na watoto walisimama kana kwamba wanapita tu. Madam Ghati alikuwepo, na Boke pembeni yake. Mzee Mwita aliniombea neno, nikasimama, nikatetemeka kama nilivyoahidi. Nikaeleza kwamba mtihani ni wa mtoto, simu ni ya baba, mashine imechukua jina, na kosa la kubandika ni langu.

Yule wa koti la mvua alinisikiliza huku akitabasamu. Jua lilikuwa kali lakini koti alikuwa nalo.

"Mura," aliniita, kama wanavyoita vijana huku, "unasema ni mtoto. Haya. Huyo mtoto angepata ngapi?"

"Angepata nyingi."

"Nyingi ndiyo ngapi? Hata mimi ningeoa wanawake wengi." Wakacheka. "Nane zilizobaki ziko wapi?"

Nilikuwa nazo. Karatasi ya maswali aliyoyatunga Madam, pamoja na majibu, ilikuwa kwenye mfuko wa shati, nilitaka kumpa Boke nikimwona. Nikaitoa. Watu wakaguna. Mzee Mwita akasimama, akaegemea fimbo.

"Soma," alisema.

Nikasoma swali la tatu kwa Kiswahili. Mzee akavuka barabara, akainama kwenye uzio, Boke akamnong'oneza. Akarudi mpaka alipokuwa amesimama, akalisema jibu kwa sauti yake ya kwenye shauri. Nikaangalia karatasi. "Sahihi."

Swali la nne. Akavuka, akainama, akarudi, akasema. Sahihi. Alikwenda na kurudi mara nane, na hakuna mtu aliyemharakisha. Kufikia la saba wazee wengine walikuwa wanajaribu kumwahi kabla hajarudi, na mmoja akapata, akashangilia kama kafunga bao.

La kumi liliuliza kama ng'ombe aliyechanjwa anaweza kuugua ugonjwa uleule. Jibu la Madam kwenye karatasi lilikuwa hapana. Mzee akarudi kutoka kwenye uzio taratibu.

"Anasema anaweza. Lakini ataugua kidogo, na si kila chanjo."

"Karatasi inasema hapana," nikasema.

Moto ukawaka. "Karatasi imewahi kuchunga?" aliuliza mzee mmoja mwenye kofia. "Mimi ng'ombe wangu alichanjwa na akaugua!" Mwingine akasema, "Alichanjwa na nani? Na yule mganga wako wa Sirari?" Walibishana mpaka shauri la njia likasahaulika. Madam Ghati alishindwa kujizuia, akapaza sauti kutoka ng'ambo, "Karatasi imekosea! Swali nililitunga vibaya, mtoto amesema kweli!" Na hakuna aliyemwambia mahali pake ni wapi.

Mzee Mwita akamgeukia wa koti la mvua. Hakupandisha sauti.

"Sasa kaa chini."

Jumatatu Boke alikuwa dawatini. Jumatano mimi nilipata barua yangu: nimepeleka mambo ya shule nje ya shule, huduma yangu haihitajiki. Nilipomwonyesha Mkuu ule ujumbe wake kwenye simu, tulipokuwa wawili tu, alisema, "Ufute. Unataka kuharibu jina la shule?" Sijaufuta. Hapa siwezi kukuambia uongo kwamba nimesamehe. Mtu aliyeogopa fimbo ya mzee akanitupa mbele yake, halafu akaogopa zaidi mzee alipotulia: huyo simwelewi na sitaki kumwelewa.

Sasa nipo Nyamongo, natengeneza simu kwenye kibanda jirani na kijiwe cha bodaboda. Kaka anasema nimepata vitu vya kubonyeza. Nilidhani habari imeishia hapo, mpaka Madam Ghati alipopiga juzi.

Wageni wa wilayani walifika. Mkuu alifunua mashuka, akawaonyesha kompyuta, akawaambia shule imebuni njia ya kisasa ya maswali ya mtandaoni na majadiliano, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeisimamia. Wazazi waliitwa, mzee Mwita akiwemo, wamesimama nyuma ya darasa la kidato cha tatu. Mgeni mmoja akauliza kwa upole, "Nani atatueleza hilo grupu linafanyaje kazi?"

Kimya. Darasa bubu lilelile. Chacha mwenyewe anaangalia kucha.

Halafu mkono ukanyooka dirishani. Boke akasimama.

"Halifanyi kazi," alisema. "Lilifungwa. Aliyelianzisha amefukuzwa. Na Mkuu alisema tukikutwa nalo tutachapwa."

Mkuu akapiga hatua. "Wewe, keti!"

Kutoka nyuma mzee Mwita akasema, "Mwache amalize."

Nilimuuliza Madam kama kuna aliyecheka. Akasema hakuna. Nikamuuliza kama binti alitetemeka. Akasema alitetemeka, na alipofika kwenye habari ya kuchapwa akaingiza Kikurya bila kujua, na bado hakuna aliyecheka. Aliongea dakika nzima, amesimama wima.

Nikadhani amemaliza. Nikaanza kumuaga.

"Mwanangu," akasema Madam Ghati, "sasa sauti yake naijua."